Nimerudi Tabora, na wa kwanza kumtafuta ni mwalimu wangu wa Bailojia

Treni ilipoiacha Itigi na kuingia porini, miombo ilikuwa imeshaanza kutoa majani mapya, mekundu ya rangi ya shaba, na mvua ya kwanza bado haijanyesha. Kijana niliyekaa naye akauliza miti hii inapata wapi maji wakati ardhi imekauka kiasi hiki. Nikamweleza habari za mizizi inayokwenda chini sana na maji ambayo shina hujiwekea akiba, tukapita Tura, tukapita Goweko, bado naeleza. Akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Hapana, nafanya kazi maabara ya hospitali huko Uingereza. Ila yote niliyomwambia nilifundishwa na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye niliyemtafuta kabla hata sijamaliza kuwazungukia shangazi na wajomba.

Shule zetu za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza, na wengi wetu tulitoka shule za msingi za Sikonga, Urambo na Uyui tukiwa na salamu tu za lugha hiyo. Ilikuwa kawaida mwalimu aingie, ajaze ubao noti, sisi tunakili, kengele ilie. Usiku kwenye prepu tunapiga msuli, tunakariri mistari ambayo hatujui inasema nini. Yeye hakuanza na ubao.

Siku ya somo la usafirishaji katika mimea alitutoa nje, tukapita nyuma ya bwalo mpaka kwenye myombo mmoja ambao mrina asali alikuwa ameubandua gome atengeneze mzinga. Mnaoijua Tabora mnaijua mizinga hiyo: gome linavuliwa zima kuzunguka shina, linashonwa kwa vijiti, linazibwa pande mbili, kisha linatundikwa juu ya mti mwingine. Sehemu iliyobanduliwa ilikuwa uchi, wekundu umeanza kukauka, na ukiigusa bado inanata. Huko juu majani yalikuwa mabichi kabisa. Akauliza, "Huu mti uko hai au umekufa?" Akanyamaza.

Namna alivyokuwa anasubiri jibu, sijaiona kwa mwalimu mwingine tangu hapo, na nimekaa mbele ya wengi, wengine wana vyeo vikubwa. Wengi wakiuliza hujijibu wenyewe. Yeye alikunja mikono, akatazama juu kama na yeye anatafuta. Mmoja akasema uko hai kwa sababu una majani. Mwingine akasema umekufa, hauna gome. Hakumwambia mtu amekosea. Kila jibu alilirudishia swali lile lile, "Umeona wapi?" Ukisema kwenye kitabu, anakuonyesha mti kwa kidole.

Tulifika wenyewe, kidogo kidogo. Maji yanapanda kwa ndani, kwenye mbao, ndiyo maana majani hayajanyauka. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia tabaka la ndani la gome, na tabaka hilo limeondoka na mzinga. Kwa hiyo mizizi inakula akiba, na akiba ina mwisho. Baada ya miezi kadhaa alitupeleka tena pale pale, mti umekauka wote. Tulikuwa tumeelewa kwa Kiswahili siku nyingi ndipo akaandika ubaoni zailemu, ile njia ya maji, na floemu, ile njia ya chakula, kwa Kiingereza chake, akatuambia sasa haya ni majina tu ya vitu mnavyovijua.

Alipenda pia kutukumbusha kuwa mji huu umelea walimu. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's, ambayo siku hizi ni Mihayo, na Bailojia ilikuwa mojawapo ya masomo yake, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Taifa zima lilimwita Mwalimu, lakini chaki aliishika hapa kwetu. Kwa sisi watoto wa wakulima wa tumbaku, kusikia hivyo darasani kulitunyoosha mgongo.

Sitamsahau madamu wa Kiswahili, mtu wa Ujiji, ambaye ametangulia mbele ya haki. Darasa limejaa hadi madirishani, lakini insha yako inarudi ikiwa imesomwa yote, wino mwekundu pembeni, na hakuandika "vizuri" wala "jitahidi". Aliandika maswali. "Mama yako alisemaje?" "Mvua hiyo ilinyesha saa ngapi?" Mungu amrehemu.

Basi nilimkuta mwalimu nyumbani kwake, amestaafu, amekuwa mfugaji wa nyuki. Mizinga yake ni ya mbao, ya gome haitaki hata kuiona. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, karibu. Wewe si ulikuwa unakaa upande wa dirisha?" Akatoa kigoda, akataka kujua kazi yangu. Nikasema napima damu, mashine inahesabu seli. "Na mashine ikikosea, unajuaje?" Nikamweleza kwamba matokeo yakitia shaka tunapaka tone la damu kwenye kioo na kuliangalia wenyewe kwa hadubini. Akapiga goti lake kwa furaha. "Kwa hiyo bado mnatazama!" Alinihoji mpaka jua likageuka, na nilijibu kwa uangalifu kuliko usaili wowote niliowahi kufanya.

Nilipomwuliza anahitaji nini, nilitegemea ataje dawa au paa. Alitaja lenzi za mkono. Jumamosi watoto wa jirani wanakuja kutazama nyuki, na lenzi aliyonayo ina ufa. Nimeshaagiza kadhaa, zinakuja na mdogo wangu mwezi ujao.

Wenzangu mliopita mikononi mwake, mlioko Dar, Mwanza, Kigoma na kwingineko, mkifika Tabora msipite kimya. Asubuhi yuko kwenye mizinga, ukitaka kukaa naye nenda baada ya saa kumi, utamkuta barazani. Msimpelekee soda wala biskuti, daktari amemkataza. Na mkienda, jiandaeni kuulizwa.