Gari la pili

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kutoka mtaa wetu wa Katuba hadi Kasapa, kwenye chuo, ni magari mawili: moja la kufika mjini, jingine la kutoka mjini hadi chuoni. Tangu bei ya mafuta ipande, hilo la pili nimewaachia wenye pesa. Natembea, karibu saa nzima, na kwa kuwa somo linaanza saa mbili asubuhi, natoka nyumbani kungali giza.

Bei ya kituo cha mafuta hutangazwa na serikali, kwa kanda, na sisi wa kusini tuna yetu. Mafuta mengi ya Lubumbashi hushukia bandari ya Dar es Salaam, yakavuka Zambia kwa malori hadi mpakani, Kasumbalesa. Mwendo wote huo lazima mtu aulipie. Ila nauli haingoji tangazo. Foleni ikionekana tu kituoni, madereva wanakata njia: unalipa, mnashushwa katikati, kisha kijana wa mlangoni anaita abiria upya, gari lile lile!

Miguu nimeizoea. Kinachoniuma ni fotokopi. Umeme ukikatika, na hukatika mno, wenye mashine karibu na chuo huwasha jenereta. Ukurasa wa faranga 100 sasa ni 200. Kazi ya kurasa 20 ni mlo mzima. Kwa silabusi (maandishi ya somo) ya takwimu tulichanga watu wanne, tukatoa nakala moja, tukaisoma kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia usiku wa giza, nikaisomea tochi ya simu mpaka simu ikazima. (Mtihani nilipita. Msiniulize kwa ngapi.)

Shangazi ninayeishi kwake hajalalamika hata siku moja. Amepunguza tu: bukari, yaani ugali, ni jioni, mara moja. Unga nao mwingi hutoka Zambia, kwa malori.

Jumamosi akaja mzee wa makala, makaa ya kupikia, na baiskeli yake, magunia matatu nyuma, ameisukuma tangu porini. Bei imepanda. Mimi, mwanafunzi wa uchumi, nikaona hapo nimemkamata.

"Baba, kwani baiskeli yako inakunywa petroli?"

Akajifuta jasho kwanza.

"Haikunywi, mwanangu. Lakini mwenye kuisukuma anakula bukari."

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akahesabu pesa zake, akachukua nusu gunia.