Nilipohesabu mizani ya wimbo wa Tool

Ilikuwa Jumapili ya mvua, stima imepotea Lanet nzima, na mpwa wangu amejikunyata jikoni na simu iliyobakiza chaji kidogo. Yuko kidato cha tatu. Akaniuliza, "Shangazi, si wewe ni mwalimu wa Kiswahili? Hebu niambie huu wimbo unasema nini."

Wimbo wenyewe ni "Lateralus" wa Tool, bendi ya Marekani, kutoka albamu ya jina hilohilo iliyotoka mwaka 2001. Ni ule mkondo wa metali, muziki mzito wa gita, wa nyimbo ndefu na midundo inayogeuka kila mara, unaoitwa progresivu. Mimi niliupata nikiwa Chuo Kikuu cha Egerton, binamu yangu aliponijazia flashi nyimbo zake zote. Nimeusikiliza ndani ya matatu za Njoro miaka na miaka, lakini kama mtu anavyosikiliza mvua: unajua inanyesha, huhesabu matone. Sikuwa nimewahi kuukalia chini kama shairi.

Tool hawana desturi ya kuchapisha maneno ndani ya kasha la albamu. Kwa hiyo tuliyaandika kwa kusikiliza, kidogo kidogo, nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani, mshumaa katikati yetu. Tulipomaliza ubeti wa kwanza nikausoma na kutoa hukumu papo hapo: guni, yaani shairi lisilofuata kanuni. Mshororo wa kwanza neno moja, wa pili neno moja, wa tatu maneno mawili. Vina havitulii, mishororo haigawanyiki vipande viwili vya ukwapi na utao, mizani, yaani hesabu ya silabi, imevurugika. Kijana akasema, "Hesabu kwanza, Shangazi."

Tukahesabu. Katika Kiswahili kazi hii ni nyepesi, maana silabi zetu karibu zote zinatua kwenye irabu na hata mtoto wa darasa la tano anazipigia makofi bila kukosea. Kiingereza ni kikaidi. Mpwa wangu aliipa rangi nyeusi mizani mbili, "ble-ki", kwa kuwa ndivyo ulimi wetu unavyolitamka neno lao. Ikabidi turudi kwenye sauti ya mwimbaji mwenyewe, tukaurudia mwanzo mara nne. Anafungua kinywa mara moja tu. Basi, 1. Neno linalofuata, 1. Kisha 2. Kisha 3, 5, 8. Hapo ikaanza kushuka: 5, 3, 2, 1, 1. Ikapanda tena, safari hii hadi 13, ikateremka 8, 5, 3.

Kila namba inayopanda ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ni mfuatano wa Fibonacci, yule Mwitaliano wa Pisa aliyeuweka kitabuni mwaka 1202 kwa hesabu ya sungura wanaozaana. Na kwenye kiitikio ngoma na gita huenda kwa pigo 9, kisha 8, kisha 7. Ukiziandika pamoja, 987 nayo ni namba ya mfuatano huohuo. Nikaweka kalamu chini. Nilichokiita guni kilikuwa na arudhi, yaani kanuni za utungaji, inayobana kuliko tarbia yoyote niliyofundisha mwaka ule.

Sasa maana. Mwimbaji anaanza na nyeusi na nyeupe, anataja uchanga wake, halafu nyekundu na manjano zinamjia. Mpwa wangu alikuwa na jibu tayari, amelisoma mtandaoni: ni alkemia, zile hatua za mabingwa wa kale waliotaka kugeuza madini duni kuwa dhahabu, nao walizipa hatua zao rangi hizohizo nne. Ni jibu zuri, na mbele kidogo kuna maneno ya chini na juu yanayotoka kabisa katika elimu hiyo ya siri. Lakini kwa wanaalkemia manjano hutangulia nyekundu. Hapa nyekundu imetangulia. Nilimwonyesha kwa kidole.

Mimi nilimwona mtoto. Mtoto mchanga huona kidogo na husema kidogo, kwa hiyo silabi moja inamtosha. Macho yakifunguka, kinywa nacho kinafunguka. Mshororo wa rangi mpya ndio wenye mizani 8, mrefu kuliko yote iliyoutangulia. Na ule wa 13 ndio unaotaka kupita chini na juu na kila kilichoko ng'ambo. Yaani maneno yanatanuka palepale maana inapotanuka, kisha yanajikunja kuvuta pumzi kabla ya kutanuka tena. Nilipomweleza haya aliguna, akachora konokono pembeni mwa karatasi, kwa sababu wimbo unamalizikia kwenye mzunguko unaopanuka kwenda nje. Hakuacha alkemia yake. Wala sikumtaka aiache, kwa maana tulikuwa tumeshika pande mbili za kitu kimoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaozichambua nyimbo hizi. Wanaziendea kama vitendawili. Kitendawili! Tega! Jibu ni moja, na ukilikosa unatoa mji. Nyimbo hizi ni mafumbo. Fumbo halimalizwi na jibu moja. Ila fumbo pia si jaa la kutupia chochote. Jirani yangu aliposikia gita lile akaniambia huo ni muziki wa shetani, nilimwomba kwa heshima zote anionyeshe mshororo. Hakuwa nao. Tafsiri yoyote naikaribisha nyumbani kwangu mradi ijibu mambo mawili: maneno yamepangwaje, na sauti inafanya nini yanapotamkwa.

Yapo mafumbo yaliyouawa kwa kujibiwa. Dream Theater, bendi nyingine ya mkondo huu, walitoa mwaka 1999 albamu ya hadithi, "Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory", kuhusu Nicholas, anayegundua kwa msaada wa mganga anayemlaza usingizi wa kumkumbusha ya zamani kwamba aliwahi kuishi kama msichana aliyeuawa mwaka 1928. Mwishoni mganga anamwambia afungue macho, kunasikika mshtuko, kisha mkwaruzo mtupu. Niliishi na mkwaruzo huo muda mrefu, nikiugeuza hivi na vile. Baadaye nikatazama video ya tamasha lao la New York, ambayo inaonyesha wazi mganga yule alikuwa nani. Sitalisema hapa, kwa ajili ya ambaye hajafika. Tangu hapo nikifika kwenye mkwaruzo ule nasikia jibu tu.

Ila aliyenifundisha kusikia ni mama.

Alikuwa amekuja kutoka Shinyalu kwa kliniki ya macho, akawa anakaa kwangu. Siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari, spika inacheza wimbo "Crack the Skye" wa bendi ya Mastodon, wa mwaka 2009, naye ameketi mlangoni penye mwanga, uteo wa maharagwe mapajani, anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Ikafika ile sauti ya kukwaruza, nzito, kama mtu anayekokotwa. Mama akasimamisha mkono.

"Mwanangu, nani amekufa?"

Nikamsimulia hadithi ya albamu yenye jina hilohilo: kijana aliyepooza, roho yake inatoka mwilini na kuruka, inalikaribia jua mno, ule uzi unaoifunga na mwili unaungua, inaangukia Urusi ya wafalme na kuingizwa katika mwili wa Rasputin, yule mponyaji wa jumba la kifalme. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno," akasema. "Nimekuuliza nani amekufa."

Nikamwambia. Skye lilikuwa jina la dada yake mpiga ngoma wa bendi. Alijitoa uhai akiwa na miaka 14. Ndiyo maana jina la albamu lina herufi moja zaidi ya neno lao la mbingu.

Mama akauweka uteo chini. "Huyu anayelia ndiye kaka yake?"

"Hapana, Mama. Hii ni sauti ya mgeni waliyemwalika. Kaka yake yuko kwenye ngoma."

"Basi ngoma ndiyo inayolia," akasema. "Hata kwetu ngoma ya isukuti hulia matangani kabla mtu hajasema neno."

Alinyamaza hadi wimbo ukaisha. Kisha akauchukua uteo, akauweka tena mapajani, akaniambia niurudishe mwanzo, na niongeze sauti kidogo apate kuisikia ngoma.