Niachieni Wimbo Ufike Mwisho

Nimejaza flashi mpya nyimbo ninazozipenda, zote nzima nzima. Nimechoshwa na nonstopu za kwenye teksi za Kampala: wimbo haujakolea, DJ keshapuliza honi, kataja jina lake, karukia mwingine. Tumekusikia, kaka!

Aliyeniudhi kuliko wote ni yule aliyeikata Hotel California ya Eagles pale tu Don Henley anapomaliza kuimba. Sasa si ndipo utamu wenyewe unapoanza? Zinabaki dakika mbili za magitaa, Don Felder na Joe Walsh wakipokezana, huyu akimaliza yule kadaka, hadi mwisho wanapiga kwa pamoja. Kwangu mimi maneno yote ya mwanzo ni njia ya kufika hapo.

In the Air Tonight ya Phil Collins (1981) yenyewe inataka subira. Ngoma haziingii mpaka zipite zaidi ya dakika tatu. Ukipeleka mbele utazisikia, sawa, lakini hazitakugonga kifua. Leo kwenye foleni ya Barabara ya Jinja nilizingojea, na zilipoingia nikazipiga kwa viganja juu ya mkoba wangu. Mama wa kiti cha pembeni akasogeza nyanya zake.

Bohemian Rhapsody ya Queen (1975) nimeiweka kwa sababu ya kinanda cha mwanzo, na kwa sababu mwimbaji wao, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja, hivyo Waswahili tuna haki ya kujigamba kidogo. Kile kipande cha opera katikati, mashabiki mnisamehe, kinanichosha.

Africa ya Toto nayo ina mlima Kilimanjaro unaochomoza juu ya Serengeti. Wapi! Kati yake kuna nyanda za juu za Ngorongoro. Lakini kiitikio kikifika naimba kama wengine.

Halafu I Will Always Love You. Kila mtu ana ya Whitney Houston ya 1992. Mimi nina ya Dolly Parton mwenyewe, aliyeitunga alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, mwimbaji mwenzake. Anaaga kwa adabu, sauti ya chini, anaondoka zake. Whitney ana koo, hakuna anayebisha, ila naona anatafuta maksi. Na cha ajabu, kwenye harusi zetu hupigwa keki ikikatwa. Wimbo wa kuagana, jamani!

Wa mwisho ni Born in Africa wa Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda. Huyu bwana alisimama hadharani mwaka 1989 akasema ana virusi vya UKIMWI, enzi ambazo watu walilisema hilo kwa kunong'ona, na akafariki Desemba mwaka huohuo. Siku hizi redio humkumbuka zaidi Krismasi, kwa zile nyimbo zake za sikukuu. Mimi namsikiliza hata Machi.

Mume wangu anadai niongeze Westlife, eti nafasi ipo. Anunue flashi yake.