Kinanda nimekisikia

Sekunde saba tu. Ndo urefu wa voisi aliyonitumia mama Jumapili usiku na leo Ijumaa nshaisikiliza hata sijui mara ngapi, kwenye basi, kazini kwenye korido kabla sijaingia chumba cha wazee ninaowahudumia, kitandani. "Kinanda nimekisikia mwanangu, kizuri mashallah, lakini wewe mwenyewe mbona sikukusikia?"

Mnajua nilivyohangaika na mandolini yangu tangu mwezi wa tatu kwa ile Sonatina ya C maina, kipande kifupi cha mtunzi Beethoven. Inasemekana aliiandika 1796 akiwa Prague, kijana wa miaka 25, kwa ajili ya binti wa kikabaila Josephine von Clary aliyekuwa anapiga mandolini, na vipande vyake vya mandolini na piano vilivyobaki ni vinne tu. Hiki ndo kimenishika mimi. Kinaenda polepole, kina huzuni, halafu katikati kinageuka C meja, kinachangamka, kama matangani mtu anapokumbuka kichekesho cha marehemu watu wakacheka kidogo, kisha kilio kinarudi palepale. Jumapili tulikirekodi na bibi wa ghorofa ya chini, simu nikaiweka juu ya piano yake, nikamtumia mama kabla sijavua hata viatu.

Sikukusikia.

Nikajua piano imenifunika. Mandolini ina nyuzi nane zimepangwa mbili mbili, ukiigusa noti inakufa papo hapo, zile ndefu mimi nazitetemesha kwa kile kiplastiki cha kupigia mpaka kiganja kinawaka moto, na piano ya leo ina fremu ya chuma na sauti ya kujaza ukumbi, si kama zile nyepesi za mbao za enzi za Beethoven. Jumatatu nikamwomba bibi afunge mfuniko. Jumatano nikamwomba apige taratibu zaidi, akaniuliza, "Nipige taratibu mpaka wapi?" Nikakosa jibu. Wiki hiyohiyo nimefaulu mtihani wa Kijerumani na kaka kaposa Malindi, yote nimeyapokea kichwani mna sauti ya mama tu, mbona sikukusikia, mbona sikukusikia. Na alivyoivuta ile "mbona", kama mtu anayekutafuta kwenye umati.

Jana nikashindwa, nikampigia.

"Mama, ile piano ilinifunika, nitarekodi tena."

"Piano gani?"

"Si hicho kinanda ulichosema umekisikia?"

"Aa! Kinanda mimi nasema hicho chako cha nyuzi. Hicho kingine cha nyuma sikukitia maanani. Mimi nilikaa kukungoja wewe uimbe."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Mama ni wa Lamu jamani, kwao kinanda ni cha nyuzi, kile babu alichokuwa akikipakata harusini, na anayekipakata ndo anayeimba. Mimi niliyesomea bara nshazoea kinanda ni piano au ile ogani ya kanisani. Kumbe alinisikia kila uzi! Tena akaniambia, "Pale kilipotetemeka sana ndo nikasema haya, sasa ataingia." Pale pale, zile noti ndefu zinazoniunguza kiganja! Nikamwambia hii haina maneno mama, imeandikwa hivi hivi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huyo binti aliyeandikiwa, naye hakuwa akiimba?"

Usiku huu nimeipiga peke yangu bila piano, kwenye ile sehemu ya C meja nikawa naimbaimba kwa mdomo umefungwa, chini chini majirani wasisikie. Nitamrekodia hivyo. Bibi sijui nitamwelezaje kwamba mfuniko sasa aufungue.

Barua ya mwenye nyumba iko mezani tangu Jumanne, sijaifungua. Bahasha nene. Mwaka jana nene kama hiyo ilikuja na bili ya hita, na mshahara hautoki mpaka tarehe thelathini.