Boga la Shire

Mjomba wangu wa Mufindi alikijua The Lord of the Rings, kitabu cha J.R.R. Tolkien, chote bila kusoma hata ukurasa mmoja. Nilimsimulia mimi. Juzuu zote tatu zilikuwa katika maktaba ya shule, nikawa narudi nazo likizo. Mchana nasoma, jioni namsimulia jikoni kwake tukiota moto. Nilipokwenda mbio alinirudisha nyuma: nani alitangulia kuvuka daraja, farasi walikula nini, usiku huo kulikuwa na mwezi au giza? Sijapata tena msikilizaji kama yule.

Sura aliyoipenda haikuwa ya vita vikubwa, wala ya ile pete ya uovu kutumbukia motoni. Ilikuwa ile ya karibu na mwisho, hobiti wanne, watu wafupi wa hadithi hiyo, wanaporudi kwao Shire wakidhani taabu imekwisha. Wanakuta nyumba zimebomolewa, kinu kipya kinachafua maji, na mti mkubwa wa uwanja wa sherehe, ambao hadithi nzima ilianzia chini yake, umekatwa na kuachwa umelala palepale. Sam, mmoja wao, mtunza bustani, analia. Baadaye anafungua kisanduku cha udongo alichopewa safarini na Galadriel, bibi wa msituni mwenye nguvu za ajabu, anazunguka Shire nzima akipanda miche, na kila mche anauwekea chembe ya udongo ule.

Mjomba alikuwa mtu wa miti. Alifanya kazi miaka mingi katika shamba la miti la Sao Hill akipanda paini, na nyumbani alikuwa na vinyungu bondeni, ambako alipata mahindi mabichi, maharage na maboga wakati mashamba ya juu yamekauka. Kisha watu wakapanda milingoti kandokando ya kijito, kwa sababu mlingoti unakua upesi na nguzo zina bei, na maji yakaanza kupungua. Vinyungu vya chini vikafa. Kwa hiyo nilipomsimulia Sam na mti wake, sikuwa namsimulia mambo ya nchi ya mbali. "Anza pale kwenye mti," aliniambia kila niliporudi, nami nilianza pale. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na kukulia Uingereza, aliandika katika dibaji yake kwamba sehemu aliyoishi utotoni ilikuwa ikiharibiwa kabla yeye hajafikisha miaka 10. Nilipomweleza mjomba hilo alisema tu, "Basi huyu ameona."

Filamu ya tatu na ya mwisho ya kitabu hicho, The Return of the King, ilitoka Desemba 2003, na mwezi wa pili uliofuata ikazoa tuzo za Oscar 11, zote ilizokuwa inashindania. Kwetu Kihesa, Iringa mjini, ilifika katikati ya mwaka 2004, mdogo wangu alipoazima diski na kuunganisha deki. Mjomba alikuwa amekuja kumwona mama. Ilikuwa baridi ya Julai, akakaa na koti lake kwenye kiti cha mbele kabisa, akaniweka pembeni nimweleze yanayosemwa. Hakuhitaji sana. Watu aliwatambua kabla sijamtajia majina.

Niseme wazi: mioto ya ufalme wa Gondor ya kuomba msaada ilipowashwa, filamu ilikishinda kitabu. Kitabuni Pippin, mmoja wa wale hobiti wanne, anaiona kwa mbali usiku, akiwa amepakiwa na mchawi Gandalf juu ya farasi. Ni mistari michache, basi. Mwongozaji wa filamu, Peter Jackson, aliichukua mistari ile akaipandisha kwenye milima ya New Zealand. Moto mmoja juu ya mji, kilele cha pili kikaitika, cha tatu, theluji, mawingu, kilele kingine tena, na muziki wa Howard Shore ukipanda nao mpaka habari ikafika Rohan, ufalme wa jirani. Mjomba aliinuka kitini. Mtu aliyekulia milimani anaujua moto unaoonekana kutoka kilima cha pili. Alitaka irudishwe, ikarudishwa, akataka tena. Mama akasema kwa mwendo huo tutakesha, maana filamu yenyewe ina zaidi ya saa tatu.

Halafu Frodo, hobiti aliyeibeba pete kwenda kuiangamiza, akamfukuza Sam, mwenzake wa safari. Kitabuni hakuna kitu cha namna hiyo. Wanapanda ngazi za Cirith Ungol, Gollum, kiongozi wao msaliti anayeitamani pete, anamwagia Sam makombo ya mkate kwenye nguo ili aonekane mwizi, na Frodo anaamini, anamwambia arudi nyumbani. "Huyu haondoki," mjomba alisema kwa sauti, akanitazama mimi kama vile ndiye niliyebadilisha. Sam akaanza kushuka zile ngazi. Naelewa kwamba waandishi wa filamu walitaka kutuweka roho juu, lakini waliupata wasiwasi huo kwa kuvunja uaminifu ambao ndio nguzo ya hadithi yote. Alipokuja kumbeba Frodo mgongoni kwenye mlima wa moto nililia, na huku nalia bado nilikuwa na hasira ya zile ngazi.

Pete ikayeyuka. Mfalme akavikwa taji. Mdogo wangu akaanza kukusanya vikombe, nikamwambia akae, sehemu yenyewe ndiyo inakuja.

Hobiti wanne wakaingia Shire juu ya farasi wao, na Shire ilikuwa ya kijani, haijaguswa. Wakaenda kilabuni, wakaketi na vikombe vyao, na mle ndani hakuna aliyewajali. Wote walikuwa wanalishangaa boga moja kubwa lililoingizwa muda huohuo.

"Wameitoa!" nilisema. "Sura nzima wameitoa!"

"Dada, pete imeshayeyuka," mdogo wangu akajibu. "Nani ana nguvu za vita vingine saa hizi?"

Nikamwambia kwamba vita hivyo vingine ndiyo maana ya safari yote: uovu haukai huko mbali tu, unakuja mpaka mlangoni kwako, na ukiondoka inabidi mtu apande upya. Mpaka leo nasema hivyo. Baadaye niliona toleo refu la filamu hiyo, na humo Saruman, mchawi ambaye kitabuni ndiye aliyeiharibu Shire, anafia kwenye mnara wake mwenyewe, mbali kabisa na Shire, kwa hiyo ile sura haikuwa na njia ya kuingia hata kwa dakika za nyongeza. Sam hakupewa udongo wala mbegu. Hilo sijawasamehe.

Mjomba hakuwa upande wangu. Alikuwa bado anawaza lile boga.

"Hapo ni kweli," akasema.

Alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, mwishoni mwa 1978, akarudi 1979 baada ya Kampala kuanguka. Tulijua, lakini hakuwa anasimulia. Usiku ule alisimulia kurudi tu. Aliteremka kwenye lori Mafinga, akatembea mpaka kijijini, akakuta watu kilabuni wanabishana nguruwe wa nani ameingia shamba la nani. "Kamwene, kamwene," wakamsogezea kikombe, wakaendelea na nguruwe. Hawakuwa wabaya, alisema, na walifurahi kumwona. Ila hakuna aliyejua aulize nini, naye hakujua aanzie wapi, akakaa anasikiliza habari za nguruwe mpaka jioni.

"Walivyokaa wale wanne," alisema, "ndivyo nilivyokaa."

Kitabuni jambo hilo limo, kwa ufupi sana: Sam anaumia kuona Frodo hapewi heshima kwao. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916 na vita ile ilimchukulia marafiki wa karibu, kwa hiyo alijua anachoandika. Lakini ni filamu iliyolikalisha mezani, ikalizungushia kelele za watu na boga, mpaka mjomba akafungua kinywa. Mimi na vitabu vyangu hatukuwahi kumfikisha hapo.

Mdogo wangu, ambaye hakuwa amesoma juzuu hata moja, akauliza hiyo sura iliyotolewa inasemaje. Nikamsimulia: Merry, hobiti wa nne, anapuliza pembe ya Rohan, watu wa Shire wanaamka, wanapigana kijijini Bywater, Saruman anakatwa koo na mtumishi wake mwenyewe kwenye mlango wa Frodo. Nikawa nakimbilia kisanduku cha Sam, mjomba akanishika mkono.

"Mpwa, umewaruka waliokufa."

"Hobiti 19," nikasema.

"Na majina yao?"

"Yaliandikwa. Kuna waliojifunza orodha nzima kwa moyo."

"Sasa hayo," akasema akimgeukia mdogo wangu, "hata kama hawakuwa na nafasi ya miti, wangeyasoma. Dakika moja ingetosha."

Hapo tulikubaliana.