Jinsi nilivyowasha onyesho la usiku kwa koroboi, Dunga

Onyesho la filamu lilikuwa hili: mke wa mvuvi, ndani ya nyumba ya mabati pale Dunga, Kisumu, anamngoja mumewe aliyeingia ziwani usiku kuvua omena. Chumbani kuna koroboi moja tu mezani. Dairekta alitaka machozi yaonekane, na mtazamaji asishuku kuna taa nyingine. Kazi ya taa ilikuwa yangu.

Picha pana tulianza nayo, dirisha likiwa wazi, jua likishatua tu. Kisumu iko karibu sana na ikweta, jua linashuka wima na buluu ile ya magharibi haidumu hata nusu saa. Mwigizaji awe ameketi tayari.

Baada ya hapo tukafunga dirisha. Mama mwenye nyumba aliitazama koroboi akaniambia, "Mwanangu, hiyo haitoshi hata mtoto kusomea." Kweli kabisa. Umbali kutoka kwenye moto ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki robo, kwa hiyo mwigizaji akiegemea nyuma kidogo tu uso unazama gizani. Basi koroboi nikaiachia kazi ya kuonekana. Uso niliumulikia kwa taa ndogo ya LED ya betri iliyofichwa nyuma ya birika, upande uleule wa koroboi na kwa kimo cha moto wake. Hapo ndipo onyesho linapoaminika au kukataliwa: mwanga utoke kule jicho linakoutarajia.

Rangi nayo ilitaka kazi. Taa ile ilitoa mweupe wa mchana, kama Kelvin 5,600 (kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali moto wa utambi uko karibu na 1,900. Niliifunika kwa karatasi angavu za rangi ya machungwa, moja juu ya nyingine, hadi rangi ya taa ikafanana na ya moto. Msaidizi alipitisha vidole mbele ya taa polepole ili mwanga uyumbe kama moto.

Kuna mazoea ya kummwagia mwigizaji mweusi taa usoni kutoka mbele. Siyakubali hata kidogo, yanaufanya uso kuwa bapa. Ngozi yetu inapendeza kwa mng'ao, na mng'ao unataka mwanga mpana wa ubavuni. Nilitundika shuka jeupe nje ya fremu lirudishe mwanga shavuni, mwigizaji akajipaka mafuta kidogo, kamera tukaipimia mwanga wa uso. Kuta zikaachwa ziwe giza.

Mbalamwezi ya mlangoni ilikuwa balbu ya uani, na kwenye skrini ilipepesa. Stima ya Kenya ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera ya kukodi ilikuja na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, ya 1/60 ya sekunde. Tuliposhusha hadi 1/50 ikaenda sawa na stima, ikatulia.

Ukiwa na onyesho kama hili na pesa ni kidogo, achana na taa kubwa. Mlipe msaidizi wa vidole.