Simu iliyokuwa ikikatika sekunde ya 32

Kwa miaka saba mtambo wa simu wa ofisi yetu ulikaa kwenye kabati chini ya ngazi, na ufunguo wa kabati hilo ninao mimi. Kila mtu alikuwa na simu yake ya mezani na nambari ya ndani ya tarakimu tatu. Wenzangu walipoanza kufanyia kazi nyumbani, simu zile ziliendelea kulia kwenye meza tupu.

Tulianza na njia ya mkato: simu ya ofisini ikiita, ielekezwe kwenye simu ya mkononi ya mhusika. Najuta hadi leo. Mfanyakazi akimpigia mteja, mteja anaiona nambari yake binafsi, anaihifadhi, na Jumapili usiku anampigia. Mwenzetu mmoja wa huduma kwa wateja alifikia hatua ya kuizima simu yake kila mwisho wa wiki, hata mama yake asimpate. Hapo ndipo nilipoamua kwamba nambari ya kazi lazima iwe mali ya kazi, imfuate mtu popote akiwa kazini na imwache akishamaliza.

Tukahamia simu ya intaneti. Seva tuliiwekea Asterisk, programu huria ya kuendesha mtambo wa simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, na kila mtu akapata programu ya simu kwenye kompyuta yake. Lakini kabla sijagusa chochote nilikaa siku mbili mapokezi, kando ya dada anayepokea simu, nikiwa na daftari. Nashauri kila mtu aanzie hapo. Dada yule alijua kwamba mwisho wa mwezi wahasibu hawapokei asubuhi, kwamba wateja wa malalamiko wasipewe mtu mgeni, na kwamba simu ikiita mara tano bila kupokelewa mteja hukata na hapigi tena. Hakuna karatasi iliyokuwa na mambo hayo. Foleni zetu za simu zote zimejengwa juu ya maneno yake.

Wiki ya kwanza huyohuyo mwenzetu wa huduma kwa wateja akanipigia: simu zake zinakatika. Nikamjibu jibu la mafundi wote, kwamba intaneti yake ni dhaifu. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba amekaa na saa. Zinakatika sekunde ya 32. Kila mara.

Intaneti dhaifu haihesabu sekunde. Ukipokea simu ya aina hii, programu yako inatuma ujumbe wa kusema “nimepokea”, kisha inangoja upande wa pili uthibitishe. Uthibitisho usipofika inarudia, na inarudia, hadi muda uishe. Muda huo umeandikwa kwenye itifaki ya SIP ya mwaka 2002, yaani kanuni ambazo simu za intaneti huzifuata kuanzisha na kukata mazungumzo: nusu sekunde mara 64, yaani sekunde 32. Ninyi mnaongea na mnasikilizana vizuri, kumbe chini yake mitambo miwili haijaelewana, na saa inakimbia.

Aliyekuwa akiupoteza uthibitisho ni ruta ya nyumbani kwake. Ruta nyingi zina kipengele kinachoitwa SIP ALG, kilichowekwa kwa nia ya kusaidia: kinafungua ujumbe wa simu na kubadilisha anwani zilizomo ndani. Mara nyingi kinazibadilisha vibaya, na majibu yanakwenda kusikokuwa na mtu. Nilimwelekeza hadi ndani ya mipangilio, akaondoa alama moja ya tiki, nikampigia. Hatukusema neno. Nilikuwa naangalia sekunde kwenye skrini yangu, na yeye yake. 31, 32, 33. Ilipofika 40 akavuta pumzi, nikamsikia. Mwezi huohuo nilisimba mawasiliano ya SIP ya watu wote, ruta isiweze tena kuusoma ujumbe, achilia mbali kuubadilisha.

Kuhusu kasi, watu huhangaika bure. Sauti ya simu kwa kodeki ya G.711, yaani njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ukiongeza vifungashio vya pakiti, vile vipande vya data vinavyosafirishwa, inafika kama 87 kila upande. Kinachoumiza ni kuchelewa. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni sauti ifike ndani ya milisekunde 150. Ikizidi sana, watu wanaanza kukatishana maneno. Sisi tulikuwa tukiipitisha sauti kwenye VPN, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi, iende ofisini kwanza ndipo iende kwa mteja. Tuliitoa humo, na malalamiko ya mwangwi yakapungua wiki hiyohiyo. Kebo kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta nayo ilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Jambo moja linanikosesha usingizi. Laini ya zamani ya waya wa shaba ilibeba umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48, kwa hiyo taa zikizimika simu iliendelea kufanya kazi. Hii mpya inakufa pamoja na ruta. Tena, mtu akipiga nambari ya dharura kupitia programu ya kazi, waokoaji wanaweza kuona anwani ya ofisi huku yeye yuko nyumbani kwake, mbali kabisa. Nimemweleza kila mmoja, kwa mdomo, si kwa barua pepe: likitokea la kutokea, shika simu yako ya mkononi.

Sasa saa za kazi zikiisha foleni inajifunga, na anayepiga anaachiwa nafasi ya kurekodi ujumbe. Jumatatu moja mwenzetu yule alikuta jumbe tatu za mteja wake wa Jumapili. Alizisikiliza zote kwa mfululizo, akampigia saa tatu asubuhi, wakamaliza shida yake kwa dakika kumi.